Majani Niliyoyatoa Bwawani

Jumamosi, 14 Juni 2025

Tangi limefika! Hoteli anayofanyia kazi Seif huko Unguja inabadilisha vyombo, wakampa la zamani, naye kanitumia. Limeshushwa huku Pemba, bandarini Wesha, limeviringishwa kwenye godoro bovu, halina hata ufa. Mume wangu ana mapenzi ya ajabu. Mwaka mzima namwomba feni, ananiletea nyumba ya samaki.

Samaki sita wadogo wamo kwenye dumu. Na mimea miwili ya dukani, anubiasi, majani mazito ya kijani kibichi. Mwanangu Nahla kaacha chakula cha mchana akae kuwatazama. Miaka saba, furaha yake ni kubwa kuliko tangi.

Mwenye duka ametuma maelezo ya sauti kwa simu, marefu kama hotuba. Sijayasikiliza. Mimi ni mwalimu wa sayansi, tena mtoto wa mkulima wa Kengeja. Kupanda jani ndiyo nifundishwe?

Jumatatu, 23 Juni

Yameoza yote mawili.

Leo ndiyo nimeyasikiliza yale maelezo. Shina la anubiasi halifukiwi — hufungwa kwa uzi juu ya jiwe, mizizi ikajitafutia yenyewe. Mimi nimelifukia kama kipande cha muhogo, nikashindilia kwa kidole. Na mbolea ya mbuzi nimetia, konzi nzima! Halafu tangi nimeliweka dirishani lipate jua. Kumbe mwanga wa taa kwa masaa saba hivi unatosha, jua la dirishani hugeuza maji kuwa kijani. Yamegeuka kweli. Samaki wawili wamekufa.

Nahla kawazika chini ya mpapai. Kaniuliza wamekufa na nini. Nimesema hawajazoea maji yetu. Uongo wa kwanza huo, na kwa mtoto.

Na darasa la tano nimeshawaalika, Jumatatu ijayo waje kuona "bustani ya majini". Nilijisifu mbele ya walimu wote.

Alhamisi, 26 Juni

Mkutano wa kichocho, pale pale kando ya bwawa. Mimi ndiye katibu wa kamati ya afya ya shehia, kwa hiyo kipaza sauti huwa changu. Nikaonesha picha: konokono huyu mdogo anakaa kwenye majani ya maji, anatoa vijidudu, vijidudu vinapenya ngozi, mwisho mtu anakojoa damu. Msiingie bwawani hata mguu mmoja.

Na Bi Mwatum, jirani yangu, anafua. Bomba la kwake halijatoa maji wiki ya pili sasa, nalijua hilo. Nikamwita kwa jina kwenye kipaza sauti. Nikasema watu wazima ndio wanaotuangusha. Akakusanya nguo zake mbichi, akajitwika beseni, akaenda zake. Watoto walicheka. Mimi nikaendelea na picha.

Bi Mwatum ndiye anayenilelea Nahla kila mchana, yeye na watoto wengine wawili wa jirani. Jioni nilipokwenda kumchukua mtoto, kanipa na bakuli la muhogo wa nazi. Nimelipokea nikitazama chini.

Jumapili, 29 Juni

Nimefanya ujinga. Naandika ili nisijidanganye.

Kesho darasa la tano, na tangi ni mchanga mtupu. Nimeswali alfajiri, nimechukua ndoo, nimekwenda bwawani. Kule yapo majani membamba, laini kama manyoya, yanaelea tu, hayataki hata kupandwa. Nikapandisha gauni, nikaingia mpaka magotini. Nikajaza ndoo, na yungiyungi changa moja juu yake.

Nageuka — Bi Mwatum, jembe begani, anakwenda kondeni.

"Umeamkaje, Mwalimu?"

Nikajibu nimeamka salama. Akapita. Hakusimama, hakucheka. Afadhali angenisema.

Mwenye duka anasema majani mapya yatengwe kwenye ndoo wiki nzima, maji yabadilishwe, kila jani ligeuzwe na likaguliwe. Wiki sina. Nimesuuza mara moja.

Jumatano, 2 Julai

Darasa la tano walipiga makofi. Mwalimu mkuu alipiga picha. Na kweli tangi limependeza, maji yametakata, samaki wanne wanajificha na kutokeza kwenye majani. Siku mbili nilitembea kifua mbele.

Leo nimegeuza jani la yungiyungi. Konokono. Wawili, kila mmoja kama punje ya mahindi. Picha yao iko ukutani darasani kwangu, hakuna mtu Kengeja anayewajua sura kuliko mimi.

Nimewatoa kwa kijiko, nimewatia kwenye maji ya moto. Kurudi, nimemkuta Nahla mkono umo ndani mpaka kwenye kiwiko, anapanga majani. Eti yanakwama kwenye pampu ya tangi, huyapanga kila siku.

Kila siku!

Nilipaswa kumwaga kila kitu saa ile ile. Sikumwaga. Watu wangeuliza majani yamekwenda wapi, na kabla ya hapo, yalitoka wapi. Nimeweka kifuniko, na juu ya kifuniko kitabu kizito.

Jumamosi, 5 Julai

Mkono wa Nahla una vipele, unawasha. Nimempaka mafuta ya nazi. Nimemwambia ni mbu.

Jumatatu, 15 Septemba

Miezi miwili sijagusa daftari hili. Sikutaka kukutana nalo.

Leo wamekuja skuli kupima mkojo. Bwana Hamad wa afya na vikopo vyake, na vijiti vya kuchovya. Cha Nahla kimegeuka rangi. Damu.

Kasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, kahesabiwa vidonge kwa kimo chake, kanywa na uji. Atapona inshallah, kwa hilo namshukuru Mungu. Bwana Hamad kaniuliza kama mtoto huingia bwawani. Nikasema haingii. Na mchana hukaa na nani? Mwalimu Pandu kajibu kabla yangu: kwa Bi Mwatum. Wakatazamana wale wawili. Hamad akaandika.

Mdomo nilikuwa nao. Kisha Hamad akaniambia, Katibu, taarifa ya kamati utaiandika wewe. Nimeiandika. Nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: mlezi anashukiwa kumpeleka mtoto bwawani. Naona haya hata kuikunja karatasi yenyewe.

Jumatano, 17 Septemba

Maneno yametangulia taarifa: wale watoto wawili wameondolewa kwa Bi Mwatum. Mama wa mmoja kapita na mkeka wa mwanawe kichwani, watu wote waone.

Nimekwenda. Nilijiambia nakwenda kuomba radhi. Nimemkuta anamenya muhogo, kidogo tu, wa mtu mmoja. Sikuomba chochote, nimekaa nikazungumzia mvua.

"Mtoto keshakunywa dawa?" kaniuliza.

Nikasema keshakunywa.

"Na wewe?"

Sijanywa, sijapima. Kupima ni kukiri.

Akachukua kipande kingine. "Mie n'lidhani utasema mwenyewe, mwanangu."

Basi. Kanifungia muhogo kwenye jani la mgomba, nimpelekee Nahla.

Ijumaa, 19 Septemba

Barazani kwa sheha, baada ya Alasiri, kikao cha kusikiliza taarifa ya kamati. Wamejaa. Wanadhani naandika kumbukumbu za kikao. Naandika hapa.

Asubuhi nimepima mwenyewe kwa kijiti kilichobaki skuli, mlango nimeufunga. Kijiti kimegeuka rangi. Nimekwenda kwenye tangi nikafungua kifuniko. Chini ya majani wamo konokono wengine, vitoto, wengi. Nimechukua shada moja na konokono wake, nimetia kwenye chupa ya jemu, nimeifunga kwa kanga. Iko miguuni kwangu. Taarifa iko mfukoni.

Bi Mwatum kaingia. Watu wamesogea, si kwa kumpisha. Nafasi pekee iko kwenye benchi langu. Kaketi. Katoa salamu, walioitikia nimewahesabu, watano. Kaiangalia kanga, kaniangalia mimi.

Sheha anamaliza dua. Anasema jambo hili ni zito, linahusu dhamana ya watoto wetu. Anasema tusitajane ovyo, tusikilize kwanza yaliyoandikwa.

Anasema, "Katibu, tusomee."

Naiokota chupa miguuni, karatasi bado iko mfukoni. Bi Mwatum kavuta miguu yake nyuma, nipate kupita.