Posa kwa Maharamia

Geita, 9 Agosti 1936

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na nyingine mpe mama. Ama baada ya salamu, mimi mzima, kikohozi kimekwisha, limebaki vumbi la mgodi masikioni. Nyumbani hamjambo? Mguu wa mama unaendeleaje? Na cherehani, bado inameza nyuzi?

Baba, jana niliwasimulia wenzangu wa kambini kisa chetu, jinsi maharamia walivyoivamia Kua, kule Mafia, zamani za utoto wa bibi yako. Nilianza kama unavyoanza wewe, "Watu waliamka, bahari imejaa mitumbwi." Nikapindua kitanda cha kamba kikawa mtumbwi, mwiko ukawa kasia. Nkwabi, ninayelala naye chumba kimoja, akaniuliza tangu lini mtu wa Shinyanga akaijua bahari. Nikamwambia baba yangu asili yake ni Mafia, na mama yangu ni Msukuma kama yeye, hajaona maji mapana kuliko lambo la ng'ombe, lakini kamba zote za chombo anazijua kwa majina. Walicheka sana.

Mtu mmoja hakucheka. Ni Fundi Maulidi, seremala anayechonga nguzo za mgodini. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Mitumbwi umekosea kuipigilia misumari. Haikuwa na msumari hata mmoja, ilishonwa kwa kamba." Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Babu yangu alikuwamo."

Baba, yule mtu ni Mbuki! Kwao ni Bukini, kisiwa ambacho Wazungu hukiita Madagaska. Mjukuu wa maharamia wenyewe, na leo mchana nimekula wali kwake.

Mwanao,
Majaliwa


Shinyanga, 24 Agosti 1936

Mwanangu Majaliwa,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mguu wa mama yako umepona, sasa ananifukuza nao. Cherehani inameza nyuzi, nami nameza hasira.

Barua yako nimeisoma barazani kwa sauti mara tatu. Mbuki hai! Miaka yote nimewasimulia, na wewe kwa kuwa kitinda mimba ukafanywa Mbuki katika kila mchezo, ukapigwa mito na ndugu zako, kumbe sijapata kumwona hata mmoja. Meno yake yakoje? Bibi alisema waliyachonga. Usimwulize ghafla lakini, mtu ni seremala, ana patasi.

Mwulize kwa adabu haya. Mtumbwi mmoja ulichukua watu wangapi? Walilalaje? Na maji ya kunywa waliyatia ndani ya nini? Hili la maji limenisumbua tangu utoto. Safari ya siku nyingi, chombo chembamba, mtungi utakaa wapi?

Mama yako anasema ule ushibe, na uache kupindua vitanda vya watu.

Baba yako,
Akida, nahodha wa nchi kavu


Geita, 13 Septemba 1936

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inawakuta salama kama inavyoniacha mimi.

Meno ya Fundi ni ya kawaida, mawili hayapo. Mtumbwi mmoja, anasema, ulichukua watu thelathini. Walilala kwa zamu, wameketi, kila mmoja ameegemea mgongo wa mwenzake. Maji waliyatia ndani ya mianzi mirefu, iliyotobolewa vifundo, ikalazwa ubavuni mwa chombo. Na hawakuwa majabari kama tusemavyo sisi. Wengi walikuwa na njaa na hofu, na mitumbwi mingine haikurudi kwao.

Lakini la mianzi, baba, sikuambiwa na Fundi. Niliambiwa na binti yake, Mwahija. Ananicheka ninavyosimulia, anasema nawaeleza watu wake kama fisi. Kwao pia huo mchezo upo! Nao hupindua kitanda, na yeye kwa kuwa kitinda mimba alifanywa mtu wa Kua siku zote, akapigwa mito.

Nataka kumwoa. Fundi amesema hana neno na mimi, ila hataketi kuzungumza posa na kijana asiye na baba nyuma yake. Naomba radhi yako, na umtume mshenga. Bila radhi yako sioi, unanijua.

Mwanao,
Majaliwa


Geita, 25 Oktoba 1936

Baba yangu,

Shikamoo. Hamjambo? Nauliza kwa kweli, maana ni wiki sita sasa sijui kama mko wazima.

Nimekwenda kuulizia barua mpaka karani ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa. Kama umekataa, nitatii, lakini tamka hivyo mwenyewe. Kama nimekuudhi kwa kutaka damu ya watu wale, nisamehe. Mwanzoni Fundi alikuwa akiniuliza kila Ijumaa. Siku hizi haulizi tena, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mwanao,
Majaliwa


Shinyanga, 8 Novemba 1936

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Sote wazima. Wewe ndiye unisamehe mimi.

Sikukasirika. Nilikosa maneno, na mama yako ni shahidi kwamba jambo hilo halijatokea tangu nimwoe. Kisa mnachokijua kinaishia bibi yangu, mtoto wa miaka saba, akiwa amejificha ndani ya birika la maji ya mvua, maji yamefika kidevuni, na maharamia wanapita juu yake wasimwone. Hapo mlikuwa mkishangilia. Sikuwaambia kilichofuata. Dada yake, Mwaisha, alibaki nje. Walipomshika alimwita mdogo wake kwa jina, tena na tena. Bibi hakuitika. Angeitika wangechukuliwa wote wawili, na mimi na wewe tusingezaliwa. Mwaisha hakuonekana tena.

Mpaka uzeeni, ukimwita bibi ghafla, alikuwa anaruka na kupiga kelele, "Nipo! Nipo!" Watoto tulikuwa tunajificha nyuma ya mlango na kumwita kusudi, ili tucheke. Nilicheka na mimi. Kisha nikakua, nikachukua kilio chake nikakifanya mchezo wa kitandani kwa wanangu. Barua yako ilipofika nilihisi aibu, ndiyo maana kalamu ikanishinda.

Juzi mama yako alichoka na kimya changu. Akaniuliza, "Huyo binti ndiye aliyemchukua Mwaisha?" Nikasema la. "Basi umemnunia nani?" Akaniwekea karatasi na wino, akakaa mlangoni nisitoke.

Radhi yangu unayo, tena yote. Ila mshenga simtumi. Kwetu alichukuliwa msichana bila mtu kubisha hodi. Nitakuja mwenyewe baada ya Idi, nitasimama mlangoni kwa Fundi, nitabisha, na nitangoja hata kama ni mpaka alasiri. Akisema hapana, tutashukuru na kuondoka, wewe na mimi.

Na binti aulizwe, ajibu kwa mdomo wake. Najua kimya cha mwanamwali huhesabiwa kuwa ndiyo. Mimi kimya sikitaki, nataka kumsikia.

Baba yako,
Akida

Mianzi! Kumbe ni mianzi. Mwambie Fundi ahsante.


Geita, 10 Januari 1937

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai ulifika salama na tumbo limetulia. Nahodha mzima kutapika kwenye boti ya ziwa, na abiria wengine wanakula mahindi! Mama usimwambie kama hujamwambia.

Nilikukasirikia, baba, na nalisema ili liishe. Ulisimama juani mlangoni kwa Fundi, kanzu imelowa jasho, akakuacha ubishe hodi tatu ndipo akaitika. Nilikuona ukifurahi kungojeshwa. Mkala, ukamsimulia habari za Mwaisha, mkabishana habari za mitumbwi kama watu waliokua pamoja. Fundi akakubali. Kisha ukaomba Mwahija aulizwe, naye yuko nyuma ya pazia na shangazi yake. Akaulizwa mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya, na wanawake wakaanza kutabasamu. Wewe ukasimama, ukasema, "Nimejibiwa. Ahsanteni, hatutamchukua mtoto wa watu bila neno lake." Ukachukua fimbo yako ukashika njia ya kurudi botini.

Fundi alidhani umemtukana. Mimi sikujua nikufuate wewe au nibaki. Nilibaki, nikaketi chini kwenye uga wao kama mtu aliyefiwa. Wala sikumwita Mwahija, nisije nikamlazimisha.

Siku ya tatu alitoka mwenyewe, mbele ya baba yake na shangazi yake. Akasema, "Yule mzee amekuja kutoka Shinyanga kunisikia, nami nikamnyamazia kwa adabu. Nipeni karatasi." Shangazi akashika mdomo. Fundi akaenda kuleta kalamu yake ya kupimia mbao.

Yafuatayo ameandika yeye, kwa herufi za Kiarabu za chuoni. Sikumwambia aandike nini. Nimeyasoma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Mwanao,
Majaliwa


Mzee wangu Akida, shikamoo. Hali yangu njema, sijui yako baada ya boti.

Nilifundishwa kwamba msichana mwema hajibu. Nilikuwa nimeshikilia pazia kwa mikono miwili nisicheke kwa furaha, na wewe ukaenda zako. Nilipoona mgongo wako unapotea njiani nililia.

Baba amenieleza habari za Mwaisha. Kwetu wapo mabibi wengi walioletwa kwa kutekwa hivyo, na hakuna aliyewauliza majina ya kwao. Siwezi kukuambia kama mmoja wao ni yeye.

Nimekubali. Nampenda Majaliwa, ingawa kusimulia hajui. Harusi iwe hapa Geita, kisha tutakuja huko. Lakini asije mtu kunichukua. Siku ya kuondoka, nitatangulia mimi kutoka mlangoni kwetu.

Binti yako,
Mwahija