Binti Aliyenikwepa Njiani

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri. Hapa Tukuyu mvua si habari, lakini leo nimeishukuru, maana imewazuia wateja wasije dukani kunitazama usoni.

Nina aibu. Niseme tu.

Jana nilikuwa natoka sokoni Mpuguso, napita njia ya katikati ya mashamba ya chai, nikamwona Tumpe anakuja. Ni binti wa kidato cha tatu, analelewa na bibi yake kule Suma, anasoma na mwanangu Lusajo. Aliponiona tu, akaacha njia, akaingia kwenye chai, akanipa mgongo na kujifunika kanga kichwani. Mara ya tatu mwezi huu.

Nikapandwa na hasira. Nikamfokea mbele ya watu waliokuwa wakitoka sokoni.

"Wewe binti! Kwenu hamfundishwi salamu? Au ndiyo mambo ya video hayo?"

Hakugeuka. Mabega yalikuwa yanatetemeka, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba nimemkomesha.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu kwa majivuno. Akaacha kumenya ndizi.

"Baba Lusajo, yule mtoto hajakudharau. Amekukwepa kama mkwe. Mimi mwenyewe nilimkwepa baba yako hivyohivyo miaka yote, umesahau?"

Nilikuwa nimesahau, mimi Mnyakyusa mzima. Kwetu mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona anapisha njia, anajifunika. Ndiyo heshima yenyewe. Sikudhani mtoto wa zama hizi za simu angeijua. Bibi yake kamfundisha, naye ameanza kuishika bila posa, bila ng'ombe hata mmoja, kwa sababu tu anampenda mwanangu.

Na mimi mwezi uliopita nilikuta barua yake ndani ya daftari la Lusajo, nikaichana. Nikamwambia kijana kwamba huo ni utoto, kwamba kupenda ni kujenga nyumba na kulisha watu, hayo mengine ni maneno ya kwenye karatasi. Akanijibu, "Sawa, baba." Tangu jana, aliposikia nilivyomfokea Tumpe, hata hiyo "sawa" siipati.

Nataka kumwomba Tumpe radhi, na siwezi. Nikimfuata nitamlazimisha kunitazama, nitakuwa nimemwaibisha mara mbili. Nilimwomba mke wangu aende, akasema niliharibu mwenyewe.

Amebaki mtu mmoja wa kupeleka maneno yangu.

Ana miaka kumi na saba, yuko chumba cha pili, na nikimtuma kwa Tumpe nitakuwa nimekiri kwa kinywa changu kwamba yule ni mkwe wangu, na kwamba wanapendana kuliko nilivyojua mimi.

Kesho kabla hajaenda shule nitambishia mlango. Nimemwagiza mambo maisha yake yote, sijawahi kumwomba hata moja.

Na akikataa?