Ifute Vizuri

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta ya marehemu mke wangu imechukua dakika kumi na moja kuwaka. Chai imepoa, yenyewe bado inazungusha kiduara chake. Shemeji – mdogo wake marehemu, fundi wa kompyuta – anasema kumbukumbu ni gigabaiti moja tu. Mfumo uliomo ni kumbebesha kuku mzigo wa punda. Dawa ni Linux nyepesi, mfumo mwingine. Anayo kwenye flashi.

Kumbukumbu ya kompyuta si ghala, ni meza ya kazi. Ghala ni diski. Meza ikiwa finyu, kazi hukwama hata ghala likiwa tupu. (Nani kaniuliza? Mwalimu hustaafu miguu, si mdomo.)

Ghalani humo mna maandishi yake. Miaka thelathini ya ukunga, kayaandika mwenyewe. Binti yetu anakuja Jumamosi kuyachukua. Mimi niliwahi kusoma ukurasa mmoja. Nikaurudisha umejaa kalamu nyekundu. Hakunionyesha mwingine.

Jumatano tutakaa na Shemeji, tuhamishe maandishi, ndipo aweke Linux.

Jumanne, 5 Machi

Nimeipeleka dukani kwa Shemeji mapema, kunipunguzia mzigo kesho. Hakuwepo. Vitufe vimejaa vumbi na makombo ya biskuti za marehemu – aibu kumpa mtu kitu kichafu hivyo! Nikaibandika karatasi: “Shemeji, ifute vizuri. Kesho nakuja.” Fupi, safi. Nilijipongeza.

Jumatano, 6 Machi

Imefutwa.

Inawaka kwa sekunde arobaini. Shemeji kachekelea: “Umeona, shemeji? Kama imetoka kiwandani!” Nikauliza maandishi yako wapi. Kicheko kikamkauka. “Si uliandika niifute? Nikajua ushahamisha.” Akanionyesha karatasi yangu.

Vumbi lilikuwa palepale kwenye vitufe.

Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya watoto nikisema: tunafuta ubao, tunafuta vumbi, tunafuta kesi, tunafuta machozi – kitenzi ni kimoja, kwa hiyo tajeni kinachofutwa! Nimewanyima watu alama kwa kosa hili. Na “i” yangu imekaa mahali pake, sarufi haina doa. Hongera, mwalimu.

Nikamwita mjinga. Hakufoka. Akasema dada yake aliwahi kumwambia: kwa mume wangu, anayekosea siku zote ni msomaji.

Nikaondoka bila kuaga. Binti bado hajui.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi kumwomba radhi. Hakuniangalia, lakini diski alishaichomoa ayatafute maandishi. Kilichofutwa hakitoweki papo hapo: huchanwa orodha ya ghala, mizigo hubaki mpaka ipangwe mipya juu yake. Linux imeshapangwa juu. Nyepesi, lakini. Uwepesi wake ndio tegemeo letu.

Ijumaa, 8 Machi

Mafaili elfu sita yamerudi. Hayana majina, namba tu. Mengi ni ripoti za wodi, maana alifanyia kazi humuhumu. Shemeji anasema kufungua moja moja ni kazi ya miezi. Nimpe neno, programu italitafuta.

“Mtoto,” nikasema.

“Shemeji! Ripoti za wodi ya wazazi, utakosa mtoto?”

“Uchungu.”

“Ndio yaleyale. Neno lake mwenyewe. Lile ambalo ripoti haina. Umeishi naye miaka arobaini, bwana.”

Nikakaa kwenye stuli yake. Maneno ya watu wote ninayajua. Ya kwake – nayaona mekundu tu. Mistari niliyokata. Pembeni nimeandika: “Sentensi ndefu!” Na duara moja, kubwa. Aliandika alivyotamka: furaa. “Mama akamshika mtoto, furaa ikamliza.” Nami chini yake: “H iko wapi, mkunga?”

Kama alinitii, amesahihisha kote, na furaha ipo katika kila barua ya pongezi ya wodini. Hatutampata. Kama alinipuuza –

“Tafuta furaa,” nikamwambia Shemeji. “Bila H.”

“Hilo si kosa?”

“Liandike hivyohivyo.”

Akaliandika. Kiduara kinazunguka. Ninaandika haya magotini, dukani kwake, simu inatetemeka mfukoni – binti, anataka kujua kesho afike saa ngapi. Sijapokea. Maisha yangu yote sijawahi kuliombea kosa. Mke wangu, niambie hukunisikiliza.