Jengo la Pili

Jeppestown, Johannesburg
9 Machi 2025

Mama mpenzi,

Amani kwako na kwa mdogo wangu Sagesse. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Unajua kazi yangu kiwandani ni kufunga ribiti, zile pini za chuma, kwenye milango ya ndege za abiria. Katika jengo la pili, kampuni hiyohiyo inaunda ndege za kivita. Juzi msimamizi wetu, Bwana Adamu, alitukusanya. Oda za abiria zimepungua, za majeshi zimeongezeka, hivyo sote tunahamishiwa jengo la pili. Asiyetaka aache kazi mwisho wa mwezi.

Nilikwenda kuchungulia. Nikaona chini ya bawa mahali pa kuning'inizia mabomu. Nifanye nini, mama?

Mtoto wako,
Falonne

Kivu
15 Machi

Falonne mwanangu,

Salamu nyingi. Goti linauma mvua ikinyesha, lakini natembea.

Wiki iliyopita ndege ilipita juu yetu, tukaingia chini ya kitanda. Bomu likaanguka upande wa soko. Zuhura, aliyekuwa akituuzia samaki, tumemzika.

Hata hivyo nakuambia, kubali. Ukiacha wewe, mwingine atashika nyundo hiyo kesho yake. Uko nchi ya watu, nasi tunakula jasho lako. Kubali, usiongeze neno.

Mama yako

Jeppestown
2 Aprili

Mama,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa utakasirika. Nimekataa.

Bwana Adamu aliniuliza, "Umepata kazi kwingine?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

"Mama yangu hujificha chini ya kitanda ndege zikipita."

Akageuka kutazama jengo la pili. "Eish, Falonne. Huwezi kujua hizi zetu zinauzwa wapi."

"Ndiyo maana siwezi kuziunda," nikamjibu.

Sasa nashona mashati kwa Évariste, fundi wa kwetu mwenye duka hapa. Jioni nasomea matengenezo ya ndege ndogo zinazobeba wagonjwa. Nitafaulu. Ila kwa sasa sitaweza kutuma pesa kama zamani. Nijibu, hata kwa kunigombeza.

Mtoto wako,
Falonne

Jeppestown
20 Mei

Mama,

Natumaini u mzima. Barua ya Aprili hukuijibu, na Sagesse anasema umemkataza kunieleza lolote. Nimefaulu mtihani wa kwanza. Sirudi jengo la pili, hata ukininyamazia mwaka mzima.

Mtoto wako,
Falonne

Kivu
1 Juni

Falonne,

U mzima? Umekonda? Sema kweli.

Nilikasirika, sikufichi. Juzi mume wa Zuhura alikuja kuniuliza kama ni kweli binti yangu anaunda ndege za vita. Alisimama mlangoni, akakataa kiti. Nikamwambia, "Walimtaka aziunde, akakataa, akaacha kazi." Nilipoyasema hayo, nilisikia sauti yangu haitetemeki. Akavuta kiti, akaketi. Tulikaa hadi chai ikapoa.

Kuanzia leo usitume kitu. Nimeweka meza ya makala ya kupikia mbele ya nyumba, na watu wananunua. Wewe soma hizo ndege za wagonjwa mpaka umalize. Sikuombi, nakuagiza.

Mama yako