Mama, Ni Mimi Niliyefungua Lundo

Mama yangu uliyelala Lobule, pembeni mwa shamba la mtama,

Nakuandikia kutoka Awindiri, hapa Arua mjini, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, karibu na lundo la muhogo. Ndiyo, lundo. Majirani zangu wa mjini wananitazama kama mtu aliyerukwa na akili: mwalimu wa kemia, mwenye soko la Arua karibu, amemenya muhogo mchungu kwa mikono yake, akaurundika na kuufunika kwa majani ya mgomba na magunia. Leo ni Jumatatu, siku ya tatu. Asubuhi kabla ya kwenda shuleni niliingiza mkono ndani hadi kiwiko, nikakuta ni moto na unatoa jasho. Kesho naufungua. Jumamosi unga wake utakuwa Lobule, kwenye maombi ya kutimiza mwaka tangu ulipotuacha, na mbele ya wanawake wote nitasema jambo ambalo wewe ulinikataza kulisema.

Unanijua mdomo wangu. Nimeufunga miaka yote hii kwa sababu yako tu.

Nakumbuka vizuri uliponifundisha. Muhogo wetu ulikuwa ule mchungu, ambao hata panya huuheshimu, na kila mtoto wa Lobule alijua kwamba una sumu mpaka utolewe. Ulikuwa ukimenya, unaunyausha juani kidogo, kisha unaurundika na kuufunika. Siku ya nne unafunua, unakwangua ukungu, unaupondaponda uwe chenga, unauanika juu ya mwamba. Hukuwa na saa wala kipimajoto. Ulinishika mkono ukauzamisha ndani ya lundo.

"Gusa. Iko moto kama mtoto ya malaria, sivyo?"

"Iko moto, mama."

"Ikiwa baridi, hapana fungua. Hata kama mgeni iko kwa mlango."

Halafu nikaenda sekondari Arua, nikafika kidato cha tatu, na mwalimu akatufundisha kasi ya mmenyuko. Joto likiongezeka, vitu humenyuka haraka zaidi. Ukivikata vipande vidogo, haraka zaidi tena. Nilipata alama za juu darasani na maneno hayo yakanipanda kichwani. Nilirudi likizo nikiwa najua kila kitu kilichoko kati ya Koboko na mwezi.

Likizo ile ndipo babu, baba yake baba, alipofariki. Kila mke wa ukoo alitakiwa kuleta beseni la unga siku ya kuwalisha waombolezaji. Ulikuwa umekwisha kurundika muhogo wako ulipoitwa Koboko kumuuguza dada yako hospitalini. Ulisimama mlangoni na kanga yako ya kijani, ukanionyesha vidole vinne. "Siku ya nne, Keji. Hapana ya tatu."

Nilifungua siku iliyofuata.

Sikufanya kwa uvivu, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Nilifanya kwa bidii. Niliona siku nne za kungoja ni ujinga wa watu wasiosoma. Nikakata kila mzizi vipande vyembamba, nikavianika kwenye mwamba katika jua la kiangazi, na kesho yake alasiri vilikuwa vimekauka vikavu, vyeupe pe, bila doa la ukungu. Nikavipeleka kwenye mashine. Uliporudi ulishika unga ule kwa vidole viwili.

"Ulifungua siku gani?"

"Ya nne, mama, kama ulisema."

"Iko nyeupe sana," ulisema. Kisha ukaniamini.

Kile ambacho mwalimu wangu hakuwa amekifikia, na mimi sikungoja akifikie, ni hiki. Sumu ya muhogo imefungwa ndani ya kitu kingine, na kinachoifungua ni kimeng'enya cha muhogo wenyewe. Kimeng'enya hicho kinahitaji maji, joto na muda. Lundo lako lilivitunza vyote vitatu, na ukungu ulilainisha mizizi ili vitu vikutane. Mimi nilikausha haraka, maji yakaondoka, kazi ikasimama njiani. Sumu ikabaki imefungwa, imelala ndani ya unga mzuri mweupe, ikingoja matumbo ya watu.

Wajua yaliyotokea siku ya kuwalisha waombolezaji. Kabla jua halijageuka watu walianza kutapika na kushika vichwa. Aliyeumia zaidi alikuwa Poni, mtoto wa Shangazi Kiden, ambaye hakuwa hata ameanza shule. Miguu yake ililegea akawa hawezi kusimama. Wakapakiwa kwenye baiskeli kwenda kituo cha afya, na namshukuru Mungu hadi leo kwamba wote walirudi wazima. Poni alirudi wa mwisho, baada ya siku tatu, na siku hizo tatu sikumeza chakula.

Shangazi alikuwa amesimama katikati ya ua na beseni mkononi. "Unga ya nani hii?"

Nilifungua mdomo. Ukanibana kifundo cha mkono mpaka kikauma.

"Yangu," ulisema. "Nilitoa haraka. Jua ilinidanganya."

Tulipofika nyumbani nilikuuliza kwa nini, huku nalia. Hukunifokea, na afadhali ungenifokea. Ulikuwa unaosha sufuria wala hukuinua macho. "Baba zako wadogo wakisikia ni kitabu ilileta hii, wewe hutarudi Arua. Jina yangu imeshafika mahali yake. Yako bado inaenda. Sasa funga mdomo, lete maji."

Jina lako lilikuwa nini, mama? Lilikuwa unga. Ndilo jina ambalo mwanamke wa kwetu hubeba kichwani kwenda kwenye kila msiba na kila harusi, na watu hulionja. Tangu siku ile walikupokea beseni kwa mikono miwili, "Asante Mama Keji," kisha wakalipeleka nyuma ya ghala. Wakakupa kazi ya kuteka maji. Niliona kuku wakila unga wako. Na wewe, kwa kiburi chako ambacho nimekirithi chote, hukuacha kupeleka hata mara moja. Kila msiba, beseni limejaa. Ulikuwa ndio unga bora kuliko wote Lobule, na waliojua hivyo ni kuku.

Niliporudi kutoka chuo cha ualimu nilikueleza habari ya kimeng'enya, nikichora ardhini kwa kijiti. Ulisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo kitabu iko inasema mimi nilikuwa kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ile kitabu ingeuliza mimi kwanza."

Tulicheka mpaka ukashika mbavu. Nilidhani kicheko kile kimefungua njia, nikasema niende kwa Shangazi nimweleze. Ukaacha kucheka papo hapo. "Nikiwa chini, sema vile unataka. Sasa hapana." Nikadhani umekwisha kuizoea hali ile na umetulia. Leo, kwa kazi ninayoifanya, najua nilikosea tena.

Mwezi huu nafundisha msawazo wa kikemia. Ni mada inayowalaza wanafunzi, kwa hiyo niliwaletea muhogo. Niliwaambia kwamba sumu haitoki kwa hatua moja. Hatua ya mwisho huenda mbele na kurudi nyuma: kitu kinavunjika na kutoa hewa yenye sumu, na hewa hiyo ikikosa pa kutokea inarudi kushikana na mwenzake. Ukiifungia chomboni, mbele na nyuma zitakwenda kwa kasi ile ile, nawe ukitazama kwa nje utaona kimya kabisa. Lakini ndani hakuna kilichopumzika. Binti mmoja anayetoka Ayivu akanyoosha mkono: "Kwa hiyo, madamu, ndiyo sababu mama anaponda na kuanika mahali pa wazi?" Ndiyo, nikamwambia. Chenga zikitandazwa, hewa inaondoka na haina njia ya kurudi, basi kazi inasonga mbele tu mpaka sumu inakaribia kwisha. Mama yako anaijua kanuni hii kuliko kitabu chako.

Niliposema hivyo nilikuona ukiteka maji. Ulikuwa kimya, lakini ndani hukupumzika. Uvumilivu wako ulikwenda mbele na aibu ikarudi nyuma kila siku, kwa kasi ile ile, chini ya mfuniko ambao niliuweka mimi kwa uongo wa maneno machache. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe kilikuondoa na siri yako salama, na mimi nimebaki nayo. Sitaki kuendelea kuwa nayo. Sasa uko chini, mama, na ruhusa ulinipa. Naogopa kidogo. Huenda wakanipokea beseni kwa mikono miwili na kulipeleka nyuma ya ghala. Basi nitalifuata huko huko na kulirudisha.

*

Ni Jumapili. Nimerudi Awindiri na namalizia barua yako.

Baada ya maombi niliweka beseni katikati ya wanawake, nikasema kabla ujasiri haujanihama. Nilisema ulifunga lundo vizuri. Nilisema vidole vinne. Nilisema mimi ndiye niliyefungua siku moja tu baada ya wewe kuondoka, nikakudanganya, nawe ukabeba. Baba wadogo walikuwa kwenye viti vyao, wakasikia pia. Nilieleza na sumu ilivyofanya kazi, maana mimi ni mwalimu na siwezi kujizuia.

Shangazi Kiden amezeeka, macho yamefifia. Alinyanyuka kwa kushika bega la mtu, akaja, akachota unga akaunusa, akaupitisha kati ya vidole viwili, kama ulivyofanya wewe siku ile uliporudi.

"Mimi nilimuuliza mara tatu kwa kisima," alisema. "Nikamwambia, Mama Keji, wewe huwezi kosea jua. Yeye anasema tu, ndoo iko nzito, nisaidie." Akafuta uso kwa kanga. "Nilikuwa najua iko kitu. Lakini mtoto yangu alikuwa karibu kufa, na mimi nilikuwa nataka mutu ya kukasirikia."

Alilia, nami nikalia. Kisha akageuka kwa waliokuwa jikoni, na sauti yake ikawa ile ile ya zamani: "Hii unga ya Mama Keji. Weka maji kwa moto."

Ugali uliposongwa, hakuna aliyenyoosha mkono. Walinitazama mimi, nami nikajiandaa kula wa kwanza, kwa haki kabisa. Lakini Poni alinitangulia. Ndiye huyo Poni wa miguu iliyolegea, mama, sasa ana mtoto wake wa kike kiunoni. Alikata tonge, akalitafuna taratibu huku akinitazama usoni. Akalimeza. Akakata tonge jingine dogo, akalipoza kwa kulipuliza, akamtilia mtoto wake mdomoni.

Beseni nimerudi nalo tupu. Kuku hawakupata kitu.

Lala salama, mama. Mkono wangu bado unanuka lundo, na sijataka kuunawa.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
niliyekuwa na haraka