Kanga Kumi na Moja za Mawe ya Marui

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa dukani kwangu, hapa Kwa Mathias, katikati ya ndoo na mabeseni, na mabasi yanapiga honi kama kawaida yake. Nina uchungu na ndugu zetu, na wewe pia nina uchungu nawe. Lakini aliyekosa ni mimi, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hajakufuata mwingine huko akakusimulia.

Yule mtaalamu wa mawe uliyemsubiri mwaka mzima alikuja. Alifika Marui wiki tatu baada ya sisi kukuzika.

Ngoja nianzie kwenye hitima. Ilipokwisha, akina mama waliingia chumbani kwako kutoa nguo zako sadaka. Funguo nilishika mimi, kwa kuwa wewe hukujaliwa mtoto na mimi ndiye uliyenilea tangu nina miaka sita. Sandukuni mlikuwa na magauni matatu na baibui moja, basi. Mama mkubwa Zena akacheka kwa pua, akauliza ni mwanamke gani huyu anakufa hana hata kanga ya kuwaachia watu. Niliona aibu, Shangazi. Nikayakumbuka yale mafurushi ya mawe chini ya kitanda, kumi na moja, kila moja limefungwa kwa kanga nzuri, nyingine hata maji hazijaonja. Nikayafungua yote. Nikayamwaga mawe sakafuni, furushi juu ya furushi, nikazifua kanga, nikazipiga pasi, nikazigawa. Zena naye alipata yake, nyekundu yenye mikorosho.

Sikuishia hapo. Wageni walikuwa wakiyatazama yale mawe yaliyojikunja na kunong'ona kwamba ni nyoka waliogandishwa, kwamba ndiyo maana hukuolewa tena. Nikataka yaonekane safi, yasimtishe mtu. Nikachukua brashi na sabuni ya unga, nikayasugua moja moja mpaka udongo wote ukaisha, nikayapanga kwenye beseni jipya. Nikajisifu moyoni. Nikasema Shangazi angefurahi.

Na mimi sikuwa mgeni wa mambo yako, hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa darasa la nne uliponishusha korongoni kiangazi kile, ukanionyesha ukingo ulivyopangika matabaka, ukaniambia kwamba hapa petu palikuwa bahari, na kwamba haya si mawe tu bali ni makombe ya wanyama wa baharini waliokwisha duniani kabla binadamu hajakuwapo. Amonaiti, ulisema, na ukanifanya nilirudie jina mpaka likakaa ulimini. Kisha ukaweka kiganja chako ukingoni. "Wa chini alikufa wa juu hajazaliwa. Usiwachanganye." Mimi nilikuwa na njaa, nikaitika ili turudi nyumbani.

Unamkumbuka Masanja, jirani yetu wa ng'ombe? Alikuletea moja kubwa kama sahani ya wali, amelibeba kwa mikono miwili, anatabasamu. Ukamuuliza kaliokota wapi. Akasema huko njiani, alikopita na mifugo. Ukamrudishia. "Jiwe lisilojua kwao silitaki," ulimwambia, na yeye akatangaza kijiji kizima kwamba una maringo. Nilicheka pamoja nao.

Sasa huyu mtaalamu, dada mmoja mpole, alichuchumaa mbele ya beseni akayageuza moja moja. Alisema ni mazuri kuliko alivyotarajia. Akaniuliza yapi yalitoka tabaka lipi. Nikampa daftari lako, nililolikuta ndani ya mkoba wa ukili, na nilimpa kwa majivuno, maana nilikuwa sijalifungua. Akasoma kwa sauti: kanga nyekundu ya mikorosho, ukingo wa chini kabisa, hatua arobaini kutoka kivukoni. Kanga ya bluu yenye madoa, juu yake, palipo na udongo wa kijivu. Akaendelea hivyo mpaka ya kumi na moja. Alikuwa anatabasamu. Kisha akainua macho.

"Kanga zenyewe ziko wapi?"

Nikamwambia nimezigawa.

Akachukua jiwe moja, akalichungulia kwenye mikunjo, akauliza kama yameoshwa. Akasema udongo ungekuwa umebaki, huenda baadhi yangejulikana. Akanishukuru. Hakunigombeza, Shangazi, na ningeona afadhali angenigombeza. Alieleza kwamba makumbusho yangeuchukua mkusanyo wote kwa jina lako iwapo mahali pangejulikana. Bila hivyo wanaweza kupokea mawili matatu ya kuonyeshea watoto wa shule. Akaniachia fomu nijaze nikikumbuka lolote.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuzidai zile kanga. Najua ni upuuzi, lakini nilizunguka. Moja imekuwa pazia. Nyingine inabebea mtoto. Zena alikuwa ameivaa yake harusini Kisarawe, akaniuliza kama msiba umenipanda kichwani. Hata zote ningezipata zisingeniambia kitu. Nilizifua vizuri mno.

Hapo ndipo hasira zangu zilipokugeukia wewe. Kwa nini hukuandika namba juu ya mawe yenyewe, kwa rangi, kama watu wengine? Ulijua desturi zetu. Nguo za mama yako ulizigawa kwa mikono yako mwenyewe, nikiwa nimekaa pembeni nakutazama. Ukijua hivyo, ukaiweka kazi ya maisha yako yote ndani ya kanga, halafu ukafa. Ulinipigia simu ukiwa umeshalala kitandani, ukasema mafurushi yasifunguliwe, na mimi mteja alikuwa anachagua ndoo, basi linanguruma mlangoni. Nilijibu, sawa Shangazi, sawa. Sikusikia, niliitika tu. Ulinizoea kuitika tangu utoto, ungeuliza mara ya pili.

Basi juzi, nyumbani Mkuza, nilikaa na beseni na daftari mchana kutwa. Kaka alikuwa amenishauri niandike tu, nani atajua. Nikaanza kuyagawa: makubwa kwa ukingo wa chini, madogo juu, yenye rangi ya kutu pale kwenye udongo mwekundu. Ilikuwa rahisi kweli. Nilifika furushi la nne na tayari naliona jina lako limeandikwa ukutani mwa makumbusho, Zena anapita analisoma. Hakuna binadamu aliye hai ambaye angenipinga. Nikashika moja, nikajiuliza ni la wapi hili, nikagundua kwamba jibu nalitunga. Nikayarudisha yote kwenye beseni nikalia kwa sauti, mpaka mpangaji akaja kubisha hodi.

Mvua zikikatika nitashuka korongoni na daftari lako. Nitahesabu hatua zako kutoka kivukoni, na nitapatafuta mahali pote kumi na moja. Sijui kama nitapaona. Nikiokota hata moja tu, nitaandika nilipoliokota nikiwa bado nimesimama palepale. Hilo nakuahidi.

Kwa heri, Shangazi. Mungu akulaze pema. Msamaha sikuombi leo, kwa kuwa ungenipa upesi mno, na mimi bado sijawa tayari kuupokea.

Fomu nimeijaza asubuhi hii. Mkusanyaji: Tatu Salehe wa Marui. Mahali: korongo la Marui, matabaka hayajulikani. Chini pana nafasi ya maelezo. Pale nimeandika kwamba mkusanyaji alijua kila jiwe lilikotoka, na kwamba aliyeyachanganya ni mimi, mtoto aliyemlea. Nikatia sahihi na jina langu kamili.