Mawaridi ya Baba Kimani Yamechipuka

Jumamosi, Endarasha. Baridi ya mwezi wa saba haijatuhurumia, ile ya kuvaa sweta mbili, lakini saa nne jua limechungulia kidogo na mimi nimecheka peke yangu pale nje kama mtu aliyerukwa na akili.

Yamechipuka. Yote saba.

Sijaandika hapa karibu mwezi mzima kwa sababu nilikuwa na aibu. Leo naweza.

Mume wangu, Baba Kimani, aliendesha greda la barabara hadi alipostaafu. Kila mji aliopelekwa kazi alirudi na kijiti cha waridi kimefungwa kwa gazeti lililoloweshwa maji. Kwa hiyo chini ya dirisha letu tuna Sagana, jekundu. Tuna Murang'a, jeupe. Tuna Karatina, ambalo rangi yake hata yeye haijui. Alipopatwa na kiharusi mwaka jana, maneno yalimpotea. Daktari akamwambia achague vitu anavyovipenda, avitaje kila siku. Akachagua mawaridi yake. Kila asubuhi namketisha dirishani, ananyoosha kidole: "Sagana. Mbili." Yaani yamechanua maua mawili. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalinitosha.

Basi, jirani yangu Mama Njeri akaazima pampu yangu ya kunyunyizia dawa. Nikajua ni kwa ajili ya kabichi zake, maana zilikuwa zimejaa wadudu, na mawaridi yetu vilevile. Aliirudisha Jumapili nikiwa kanisani. Sasa, huku kwetu mtu mwenye adabu harudishi chombo cha watu kikiwa kitupu. Ukiazima sufuria, unairudisha na viazi ndani. Mama Njeri ana adabu kupita kiasi. Pampu aliirudisha ikiwa imejaa nusu.

Nikasema, ah, amenibakishia dawa ya wadudu, Mungu ambariki. Nikaibeba mgongoni, nikayanyunyizia mawaridi yote, juu ya majani na chini ya majani, kwa bidii yote ya mwalimu mstaafu.

Nilikuwa bado naivua mgongoni aliponiita kutoka kwa fensi. "Mwalimu, hiyo dawa ya kuua magugu nilikuachia kwa pampu, imetosha hiyo njia yako iliyojaa magugu?"

Ngai, Mungu wangu!

Nilimtukana. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Maneno ambayo darasani nisingemvumilia mtoto yeyote kuyasema, nilimwambia mwanamke tunayeimba naye kwaya moja. Kisha nikampigia simu muuza dawa wa pale sokoni. "Mama, wacha kulia," akasema. "Mwaga maji mengi juu ya majani sasa hivi. Halafu kata kila tawi lililoguswa, kabla sumu haijashuka kwa mizizi."

Maji ya mradi hutufikia Jumanne na Ijumaa. Nilikuwa na pipa moja tu, la kupikia. Mama Njeri, pamoja na matusi yote niliyompa, akaja na mitungi yake yote. Tukamwaga, tukasuuza, hata ya chai hayakubaki. Halafu nikashika makasi. Kukata ndiko kulikoniua. Sagana lilikuwa na matumba matano. Nilikata nikilia kwa sauti, hadi vikabaki vijiti saba visivyofika hata magotini.

Jioni nilimwomba Mama Njeri msamaha. Baba Kimani nilimdanganya. Nilidhani wakati huo wote alikuwa amelala chumba cha nyuma, kwa hiyo asubuhi nikamwambia nimeyapogoa kwa sababu ya baridi.

Alivitazama vile vijiti, akanitazama mimi, akanyamaza. Kesho yake akanyamaza. Wiki ikaisha, na nyingine, na nyingine, bila neno hata moja. Nikajiambia kwamba nimeua mawaridi na sauti ya mume wangu kwa pampu moja.

Leo asubuhi nimeinama kwenye Sagana nikaona chipukizi jekundu. Jani lake ni pana na zima, si lile la nyuzinyuzi ambalo muuza dawa alinionya kwamba ni dalili ya sumu kufika mizizini. Nikakimbilia lingine, na lingine. Nikamleta Baba Kimani dirishani, nikafungua vioo.

Akanyoosha kidole. Akayataja yote saba, polepole, bila kuruka hata moja. Nikakiri kila kitu papo hapo. Akaitikia kwa kichwa.

"Najua," akasema. "Mlipiga kelele."

Nikamuuliza mbona basi alinyamaza wiki zote hizo. Alihangaika na ulimi wake muda mrefu, nami nikangoja.

"Nikitaja... utalia."

Nikaangua kilio, nimeshika kizingiti cha dirisha. Akanitazama kwa jicho lake lile la zamani, la utani, ambalo sikuwa nimeliona tangu augue.

"Unaona?" akasema.

Kesho nitayasikiliza majina yote saba macho makavu. Nitajaribu.